Kibali kwenye Sikio la Jike

Mume wangu Harlan hakuwa mtu wa kupenda kutunga sheria, lakini moja aliitunga mwenyewe, zamani, alipochaguliwa mwenyekiti wa kambi: atakayeua kulungu jike kwenye ardhi yetu atakunja blanketi lake, aondoke, na kitanda chake apewe mwingine. Kambi yenyewe ni nyumba ya mbao aliyoijenga baba mkwe juu ya bonde la Sorrel. Ina jiko la kuni, meza ndefu, na vitanda vilivyopigiliwa ukutani. Msimu wa bunduki ukifunguliwa wanaume hulala huko, sisi wanawake tunapika nyumbani, tunapeleka, tunaosha vyombo na kurudi.

Ijumaa ile, siku moja baada ya sikukuu ya shukrani, nilikuwa huko jioni kwa sababu Wilbur Hosko alikuwa na mafua na nilimpelekea supu ya kuku. Walikuwa wanne tu mwaka huo: Harlan, mdogo wake Clair, Wilbur, na jirani yetu Boyd Lantz anayeezeka mapaa na kuongea kuanzia asubuhi. Niliwakuta wakijiandaa kuchoma vibali.

Jimbo letu huuza vibali vya majike kila mwaka ili kulungu wapungue. Wanaume wa kambi yetu huvinunua kama watu wengine, halafu mkesha wa msimu huvitia motoni. Kibali kikiungua, jike mmoja amepona. Ndivyo wanavyoiona hesabu hiyo.

"Haya, leteni majike yenu tuwaokoe," Harlan akasema, akafungua mlango wa jiko, akatupa chake.

Boyd akavua kofia kama yuko mazikoni. "Nenda, mama. Ukazae mapacha."

"Mimi nachoma," Wilbur akasema kwa sauti ya mafua, "lakini sikubaliani na mtu yeyote hapa. Kule chini kwenye mahindi kulungu wamejaa kama panya. Huku juu unakaa siku nzima huoni hata mkia. Jimbo linatushonea wote shati la kipimo kimoja."

"Wewe Wilbur ungekuwa mchungaji ungembatiza na shetani, asije akanung'unika," Boyd akamwambia.

Clair hakuinuka. Alikuwa akila supu yangu kwa utulivu, kama anavyofanya kila kitu.

"Na chako, mdogo wangu?" Harlan akauliza.

"Changu kiko mfukoni, kaka. Kimeshapata joto la kutosha."

Wakacheka, hata Harlan. Kila mtu alijua kwamba Clair hachomi. Alikuwa akikitumia kibali chake kwenye shamba la rafiki yake ng'ambo ya mto, si kwenye ardhi ya kambi, na kwa hiyo waliishi naye vizuri.

"Wakubwa wa jimbo wametumalizia kulungu," Harlan akasema, akikaa. "Nilipokuwa kijana ungesimama pale kwenye mitufaha ukahesabu mpaka uchoke."

"Na mwezi wa pili ungewahesabu wamelala, mbavu nje. Umesahau wale tuliowatoa kwenye chemchemi na baba? Walikuwa wamekula mpaka magome." Clair akaweka kijiko chini. "Nenda ndani ya uzio wa watu wa misitu, kulungu wasikofika, kaka. Mialoni michanga imefika hapa, kifuani kwangu. Toka nje ya uzio, kuna magugu tu. Sasa hao kulungu unaotaka waongezeke, watakula nini? Hotuba zako?"

"Jimbo linataka mbao," Boyd akadakia. "Na kampuni za bima zimechoka kulipia magari yaliyogonga kulungu. Usitudanganye na mialoni."

"Jike mmoja leo ni kulungu watatu mwakani," Harlan akasema. "Hilo halihitaji chuo."

Nikakusanya mabakuli. Nilimwona Clair akiinuka na kumwekea Wilbur blanketi lake mwenyewe juu ya magoti, huku akiendelea kubishana na kaka yake. Hawakuwa wakigombana. Walikuwa wameyasema hayo tangu vijana, na kila mmoja alijua zamu yake ya kusema.

Kilichonitia wasiwasi mimi kilikuwa kingine. Mwezi mmoja kabla yake, watu wa jimbo waliitisha mkutano katika ukumbi wa zimamoto, na Harlan akasimama kusema. Alisema vizuri, mume wangu, ana sauti. Kijana mmoja akauliza inakuwaje mtu akikosea, akampiga jike akidhani ni dume. Harlan akajibu, "Asiyeweza kutofautisha jike na dume akae nyumbani afume soksi na mkewe." Ukumbi mzima ukapiga makofi, na gazeti likayaandika maneno hayo. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma na soksi mapajani, nikifuma, na watu wakageuka kunitazama wakicheka. Nikacheka nao. Lakini gazeti lilipotoka ni mimi niliyemsomea. Tangu kiangazi nilikuwa ninamsomea. Alisema siku hizi wanachapa herufi ndogo mno. Nikimwambia aende kwa daktari wa macho, alijibu, "Msimu ukiisha."

Jumamosi asubuhi jua lilipokuwa limeshapanda nilipakia kwenye gari sufuria ya maharage na paja la nguruwe, nikapanda mlima polepole kwa sababu ya theluji. Kwenye kona ya chini ya kambi nikawakuta ndugu wawili kando ya njia. Harlan alikuwa amekaa kwenye gogo, kofia mkononi. Bunduki yake ilikuwa imelala kwenye theluji, jambo ambalo angemkaripia mtoto yeyote kwa kulifanya. Clair alikuwa amepiga magoti mbele ya jike mkubwa aliyekufa, akimfunga kibali sikioni.

Nyuma yao alama ya kumburuta ilikuwa wazi kwenye theluji. Ilitoka moja kwa moja kwenye dungu la Harlan, pale juu anapokaa kuvizia.

"Nilimwona na pembe, Idella," Harlan akaniambia kabla sijauliza. "Yalikuwa matawi. Yalikuwa nyuma yake."

Nikashuka garini, nikamshika bega. "Basi mpigie simu bwana nyama wa jimbo," nikasema. "Mtu akikosea akasema siku hiyohiyo, wanamwelewa."

"Baada ya yale ya ukumbini? Litakuwa gazetini kabla ya Jumatano."

"Shemeji, mwache," Clair akasema bila kuinua kichwa. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa baridi. "Kibali ninacho mimi, yeye alichoma chake. Msimamo wangu wanaujua. Watanisema, nitasemeka, yataisha."

"Na kitanda?" nikauliza.

"Nani atanitoa? Mwenyekiti ni kaka." Akatabasamu kidogo, akamtazama Harlan.

Harlan hakusema asante, na hakusema hapana. Aliokota bunduki yake akaanza kupanda. Clair akafunga kamba kwenye miguu ya yule jike, akaivuta peke yake, na mimi nikaendesha nyuma yao polepole. Nilikuwa nikiona mgongo wa mume wangu mbele, mikono yake haina mzigo, na mgongo wa shemeji yangu umeinama. Nikaona aibu kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake.

Saa sita wote walikuwa wamerudi. Jike alikuwa ametundikwa kwenye mti wa kambi, mahali ambapo hutundikwa madume, na Boyd alimwona kabla hajafuta buti.

"Nani kaleta bibi harusi?"

"Mimi," Clair akasema.

"Umemwoa au umemuua?"

"Nimemuua. Kaa ule, Boyd."

Boyd akakaa, lakini hakula. Nikampakulia, akanishukuru, Bi Idella asante, akaiacha sahani. Alikuwa ameanza kwa utani kama kawaida yake, lakini uso ulikuwa umebadilika.

"Ungempiga ng'ambo ya mto nisingesema neno," akasema. "Sasa umempiga hapa. Hapa tuna sheria."

"Mtu ana kibali halali, Boyd," Wilbur akasema.

"Na mkwe wangu alikuwa nacho halali. Mmesahau? Jike wake hakufika hata nusu ya huyu. Kijana akakunja blanketi hapohapo, binti yangu akalia wiki nzima, na mimi nikainua mkono kwa sababu Harlan alisema sheria haina mkwe. Leo ina mdogo wa mtu?"

Alikuwa na haki ya kusema vile. Nilikumbuka kijana yule alivyonirudishia bakuli langu siku aliyoondoka, akiwa ameliosha.

"Inueni mikono kama tulivyofanya siku ile," Boyd akasema, akainua wake.

Wilbur akapenga kamasi, akakunja leso. "Mwenyekiti kwanza. Mimi nafuata."

Nilikuwa nimesimama kando ya jiko na upawa mkononi. Harlan alikuwa akitazama sahani yake. Nilijua kwamba angesema, na nilikuwa nikimsubiri, kama unavyomsubiri mtoto anayejikaza kusema pole. Angeweza hata kusema sheria ile imepitwa na wakati, aifute, bila kujitaja. Clair alikuwa akimtazama naye, bila wasiwasi wowote.

Harlan akainua mkono. Hakuuinua sana. Kiwiko kilibaki mezani.

Wilbur akamtazama Harlan, akamtazama Clair, kisha akainua wake, akainamisha kichwa.

Clair aliutazama mkono wa kaka yake mpaka ukashuka. Kisha akainuka. Hakubamiza kitu. Alikunja blanketi lake pembe kwa pembe, akachukua taa yake na viatu vya ndani. Ilikuwa zamu yake ya kuni, kwa hiyo akatoka, akarudi na mzigo, akajaza sanduku la kuni mpaka juu, akafagia maganda yaliyoanguka. Mlangoni akanigeukia.

"Shemeji, asante kwa maharage."

Tukamsikia nje akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake.

Harlan akachukua uma, akaanza kula tena. Nikamwendea, nikaiondoa sahani mbele yake. Alikuwa hajamaliza. Sijawahi kumnyang'anya mtu chakula, hata watoto wangu walipokosa, na sikujua kama ningeweza. Akabaki na uma hewani, akiniangalia, na mimi nikamwangalia.

"Jike ni wangu," akasema.

Boyd akacheka kidogo. "Sasa unataka na nyama yake?"

"Ni wangu. Nilimpiga mimi, kutoka dunguni kwangu. Clair alinifungia kibali chake." Akaweka uma chini. "Sioni vizuri, Boyd. Tangu kiangazi sioni."

Wilbur akauliza taratibu, "Na ukainua mkono?"

"Nikainua."

Boyd akasogeza sahani yake kando. Aliposema, sauti ilikuwa ndogo. "Asubuhi nilikuwa chini yako, Harlan. Pale kijitoni. Nilikuona dunguni, nikakupungia mkono." Akagusa kizibao chake cha rangi ya chungwa, kama anahakikisha bado kipo. "Ulinipungia na wewe."

"Nilipunga," Harlan akasema. "Sikuwa nimekuona. Nilisikia tu mtu anapita."

Hapo hakuna aliyemtazama mwenzake. Wilbur akanyoosha mkono kwenye simu ya ukutani, akasita, akamwuliza Harlan kwa macho. Harlan akaitikia kwa kichwa. Wilbur akapiga kwa bwana nyama.

Harlan akatoka bila koti. Nikalichukua, nikamfuata. Clair alikuwa ameshawasha gari, akashusha kioo.

"Nimewaambia," Harlan akasema.

"Umewaambia nini?"

"Yote."

Clair akazima injini. Akakaa ameshika usukani. "Maneno ya Boyd ningeyabeba, kaka. Nilishajiandaa. Kitanda angekitaka Wilbur ningempa." Akamtazama. "Lakini ule mkono."

"Niliogopa."

"Nilijua unaogopa. Ndiyo maana nilikupa kibali."

Nikamvalisha Harlan koti begani. Alikubali kuvalishwa kama mtoto, na aibu ikanishika kwa ajili yake, kwa sababu hata mbele ya mdogo wake sikuweza kuacha kumhurumia.

Bwana nyama wetu ni binti wa watu, Bi Kuzma, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho. Alifika alasiri. Alikuwepo ukumbini siku ile Harlan aliposema watu wa jimbo hawajui hata kulungu anatoka upande gani, lakini hakuligusa hilo. Alimsikiliza mpaka mwisho, akiandika.

"Ungetupigia asubuhi, mzee, lingekuwa jambo dogo," akasema. "Watu hukosea. Kila msimu napata simu kama hizo. Ungelipa kidogo, tungechukua nyama, basi. Lakini kibali cha mwingine ni jambo lingine. Hapo mmekosa wote wawili."

"Yeye alinisaidia tu," Harlan akasema.

"Najua. Kosa lake ndilo hilo."

Nikaona uso wa mume wangu ukianguka. Nadhani mpaka dakika ile alikuwa bado anaamini kwamba akisema kweli angalau atakuwa amemsafisha mdogo wake. Badala yake, kweli yake ilikuwa imekuja imechelewa, ikamwangukia Clair vilevile. Bi Kuzma akatueleza kwamba wote wawili hawatawinda msimu ujao, na Harlan hatarudishiwa leseni bila barua ya daktari wa macho.

"Nimeelewa, Bi Kuzma," Clair akasema.

Jike akapakiwa kupelekwa jikoni kwa kanisa, wanakopikia wasio na chakula. Boyd na Wilbur walimbeba, na Bi Kuzma akashika kichwa ili kisigonge. Harlan alitaka kusaidia, akajikwaa, glavu ikamwanguka. Alikuwa akipapasa upande ambako haikuanguka. Bi Kuzma akaiokota, akaikung'uta theluji, akamwekea kiganjani, akaendelea na kazi yake kama hakuona kitu. Harlan akageuka akasimama akitazama ukuta wa nyumba. Ni hapo tu nilipomwona akilia. Matusi angeyamudu, lakini binti yule hakumtukana.

Kambini Boyd alinioshea vyombo vyote. Hakufanya utani hata mmoja. Alipofika kwenye sahani ya Clair aliisugua muda mrefu, halafu akauliza, akiwa amenipa mgongo, kama nadhani mkwe wake atakubali kurudi akimpigia simu. Nikamwambia sijui, lakini apige.

Alipiga. Kijana alikubali, na nilifurahi kwa ajili ya binti yake. Sheria ile imefutwa. Hilo lilichukua dakika chache, na Harlan mwenyewe ndiye aliyesema, kisha akaacha uenyekiti, wakamweka Wilbur, ambaye bado hakubaliani na mtu yeyote. Majike bado wanabishaniwa. Boyd anasema jimbo ni wezi. Harlan siku hizi hasemi kitu mkutano ukiitishwa. Anakaa nyuma karibu nami.

Macho yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari aliyafanyia upasuaji yote mawili kwa siku tofauti, na sasa ananisomea yeye gazeti nikiwa nafuma. Angeweza kufanya hivyo tangu mwanzo, na analijua, na mimi silisemi.

Jumapili tukitoka kanisani tunapita kwa Clair. Ndiyo njia ya nyumbani, lakini zamani tulikuwa tunapiga honi tu. Clair anatukaribisha, anatoa viti vya jikoni, anachemsha kahawa, anamwekea kaka yake sukari anavyoipenda bila kuuliza. Wanaongea juu ya barabara, bei ya kuni, ng'ombe wa jirani. Hata wanacheka. Mtu asiyejua angeona ndugu wawili wazee wanaopendana, na hangekuwa amekosea.

Majuzi Harlan alikuwa amejiandaa. Nilimsikia akijaribu maneno alipokuwa ananyoa ndevu. Alisubiri mpaka Clair ameketi, akasema kwamba kitanda kiko wazi, hakuna aliyepewa, na wote wanamtaka arudi, yeye akiwa wa kwanza.

Clair akamsikiliza mpaka akamaliza. Akainuka, akachukua birika, akamjazia kikombe kwa uangalifu, mpaka karibu na ukingo.

"Kahawa ya Jumapili inatosha, kaka," akasema.

Harlan akaitikia kwa kichwa. Akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa.